Asubuhi Kahawa, Jioni Mbege

Nilishuka kwenye bodaboda saa nne asubuhi, mwezi wa Oktoba, mvua ya usiku ikiwa bado inadondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa ya mbao, imeezekwa bati, na mabenchi manne yaliyotoka kuoshwa yalikuwa yameegemezwa ukutani yakauke. Mama mmoja alikaa kwenye kigoda akigeuza buni ndani ya kikaango cha chuma, mwiko mrefu mkononi, moshi ukimpitia begani. Nyuma ya nyumba, pipa kubwa lilikuwa juu ya mafiga, na ndani yake ndizi mbivu zilikuwa zinachemka tangu alfajiri.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, karibu. Unakunywa kahawa au umefuata mbege? Kama ni mbege, itakubidi ukae nasi mpaka jioni.”

Hapa ni Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Nyumba hii ni mkahawa asubuhi, na jioni ni kilabu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Inaendeshwa na kikundi cha akina mama waliofahamiana kwanza kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na ilianza kama mradi hasa: kulikuwa na andiko, bajeti, mfadhili, siku ya uzinduzi na bango. Mfadhili aliondoka muda wake ulipokwisha, bango limepauka, na nyumba ipo. Nilipanda mlima kwa sababu hiyo. Nimeandika habari za miradi ya vijijini kwa miaka mingi, na nimezoea kurudi mahali nilipoona vifijo nikakuta kufuli lenye kutu. Mradi unaoendelea kupumua baada ya fedha za mfadhili kwisha unastahili kutazamwa kwa makini, na zaidi unapokuwa umeota kwa sura ambayo walioupanga hawakuitarajia.

Mweka hazina wa kikundi aliniletea andiko lenyewe ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na katiba ya kikundi na kitabu cha benki. Nililisoma lote nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Limeandikwa kwa akili na kwa nia njema. Aliyeliandika aliijua bei ya mnadani Moshi, aliijua njia wanayopita wageni kwenda kwenye maporomoko ya Materuni, na alikuwa ameona jambo la kweli: mkulima anauza kahawa ghafi kwa bei asiyoipanga, kisha thamani yote inaongezwa mbali na kwake. Basi akina mama wakaange wenyewe, watwange wenyewe, wauze kikombe kwa mgeni na pakiti ya kubeba. Mifano ilikuwepo karibu. Ushirika wa KNCU una mkahawa wake mjini Moshi, Union Café, na uliwahi kuanzisha utalii wa mashambani uitwao Kahawa Shamba. Mbege nayo ilitajwa, katika aya moja, chini ya kichwa cha burudani za utamaduni. Mgeni angeonja, angepiga picha, angeondoka.

Mwaka wa kwanza nyumba ilifunguliwa kama ilivyoandikwa. Wageni walikuja, ila kwa misimu, na waongozaji wa watalii wana nyumba zao walizozoea kuwapeleka. Masika yalipoigeuza barabara kuwa tope, wiki nzima ilipita bila kikombe kuuzwa. Jirani naye hakuwa mteja. Mtu wa mlima huu amezaliwa kwenye kahawa, lakini asubuhi nyumba nyingi hunywa chai. Sehemu kubwa sana ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, na mzee anaweza kuilima maisha yake yote akaifahamu kwa uzito wa gunia tu. Kule Zanzibar na Dar es Salaam, mwenye birika la kahawa chungu na sahani ya kashata hukusanya baraza zima. Huku inakolimwa, kukaa chini kunywa kahawa ya kulipia lilikuwa jambo la kujifunza.

“Mwezi wa tano tulikaa kikao hapa hapa,” mweka hazina aliniambia. “Kwenye kopo la kahawa hakuna kitu. Mlinzi anadai, maji yanadai. Mama mmoja akasema, jamani, ndizi zinaiva huko vihambani zinaoza, na kupika sote tunajua. Tupike.”

Walipika wiki hiyo hiyo. Kuanzia hapo mradi uliacha kufuata karatasi ukaanza kuwafuata wenye nao.

Kalenda mbili

Tuna msemo wa zamani kwamba mipango si matumizi. Kwa kawaida tunausema kwa kusikitika, kama vile matumizi ndiyo yamekosea. Pale Uru nilianza kuuelewa kwa namna nyingine. Mipango ina kalenda yake na matumizi yana ya kwake, na aliyeandika ya kwanza anapaswa kuisoma ya pili.

Kahawa ni ya mwaka. Mche mpya huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vya kutosha. Kwenye mlima huu mavuno huanza karibu na Julai na huweza kuendelea hadi Desemba. Mkulima akipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, AMCOS, hupata malipo ya awali, halafu husubiri mnada, halafu husubiri malipo ya pili. Fedha ya kahawa huja kwa kishindo, mara moja au mbili kwa mwaka, na ikija huwa imekwisha kupangiwa: ada ya shule, bati, deni. Vizazi vya Wachagga vilisomeshwa kwa fedha ya namna hiyo, na kwa kazi hiyo hakuna iliyoishinda.

Mbege ni ya wiki. Ndizi zilizokatwa leo, zikaiva, zikachemshwa, zikachacha, zikachanganywa na uji wa kimea, huwa zimerudisha fedha kabla ya mwezi kugeuka. Fedha yenyewe ni ndogo, lakini inajua njia ya kwenda dukani kila siku. Inalipa chumvi, daftari la mtoto, dawa ya mafua, hisa ya VICOBA ya Alhamisi. Mlinzi wa usiku hawezi kungoja mnada. Fundi wa bomba hawezi kungoja malipo ya pili. Nyumba inayofunguliwa kila siku inahitaji fedha inayozaliwa kila wiki, na andiko lilikuwa limeipa nyumba ya kila siku fedha ya kila mwaka.

Sasa mbege inabeba gharama za kuendesha nyumba na kahawa inaweka akiba. Pakiti zikiuzwa vizuri wakati wa wageni, fedha inakwenda benki. Hiyo ndiyo iliyobadilisha paa mwaka juzi. Zisipouzwa, nyumba haifungwi. Mweka hazina ana daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula, kurasa za kushoto mbege, kurasa za kulia kahawa. Kushoto pamejaa maandishi madogo madogo ya kila siku. Kulia kuna mistari michache yenye tarakimu kubwa. Ukilifungua daftari hilo katikati unauona mradi wote.

Chachu

Niliomba nionyeshwe kazi, wakanionyesha bila haraka.

Ndizi zilizokuwa zinachemka asubuhi ile zilikuwa za wiki inayofuata. Huanza kwa kuvundikwa ziive, kisha humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi yake igeuke wekundu wa udongo. Zikipoa hufunikwa kwenye vyombo safi na kuachwa siku kadhaa zichache zenyewe. Baadaye huongezwa maji na kuchujwa, na huo mchujo ndio mwili wa mbege. Roho yake ni ulezi. Ulezi hulowekwa, hutandazwa uote, hukaushwa, husagwa, na unga wake wa kimea hupikwa uji, ukaachwa upoe, ukachanganywa na mchujo wa ndizi. Usiku mmoja ukipita, kinywaji kiko tayari. Pana na magome ya msesewe, mti mchungu, ambayo huchemshwa na maji yake kutiwa kwa kipimo ili utamu wa ndizi usizidi. Kipimo hicho hakijaandikwa popote. Bibi mmoja, mkubwa wa wote kwenye kikundi, ndiye anayeonja na kusema imetosha.

Mbege haina subira. Ikiwa tayari leo, kesho ni kali, keshokutwa ni ya kumwaga. Kwa hiyo mpishi hupika kwa kiasi cha watu anaowajua: nani ana msiba, nani ana mgeni wa posa, wapi wanapalilia kwa kusaidiana. Akipika, anakuwa amekwisha kuwahesabu majirani zake kichwani.

Kisha tukaenda kwenye kahawa, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakikuwa kwenye andiko hata kwa aya moja. Kahawa iliyochumwa jana ilikuwa imemenywa jioni ile ile kwa mashine ya mkono, na punje zake zilikuwa ndani ya ndoo zenye vifuniko, bado zina utelezi wake. Zinaachwa humo zichache, kwa kawaida siku moja hadi mbili kutegemea baridi ya mahali, mpaka utelezi uachie, ndipo zioshwe na kuanikwa juu ya vichanja. Ukiziosha mapema utelezi unabaki na kuharibu ukaushaji. Ukichelewa, zinapata ladha ya siki inayofuata kahawa hadi kikombeni na hakuna mkaangaji wa kuiondoa.

Mama aliyekuwa anakaanga asubuhi alifunua ndoo moja, akainama, akanusa. Halafu akachota punje chache, akazisugua kiganjani karibu na sikio lake. Zikiwa tayari hukwaruza kama changarawe. Zikiwa bado huteleza.

“Bado,” akasema. “Leo jioni tutatazama tena.”

Nilimuuliza nani aliyemfundisha. Alisema mtaalamu alikuja kuwafundisha siku mbili, akawaambia saa na vipimo, na walimshukuru. “Lakini baridi ya huku hatuisomi kwenye saa,” akaongeza. “Mimi pua yangu imekaa kwenye mbege tangu nikiwa msichana. Nikifunua ndoo ya kahawa najua imefika wapi. Ni chachu ile ile.”

Kiswahili chenyewe kilikwisha kuliona jambo hilo. Ndizi huvundikwa ziive, na kahawa huvundikwa iachie utelezi. Ni kitenzi kimoja, kwa kuwa kazi ni moja: kufunika kitu, kukiacha kigeuke, na kujua saa ya kufunua. Andiko lilikuwa limetenga fedha za mafunzo ya kahawa kwa watu lililowahesabu kuwa wanaanza sifuri. Watu hao walikuwa na utaalamu wa uchachushaji walioupokea kwa mama zao na bibi zao. Walichohitaji ni mtu wa kuwaambia kwamba ujuzi wa pipa lile unafaa kwenye ndoo hii. Hakuna aliyewaambia, wakagundua wenyewe. Kahawa yao ya miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Niliyokunywa asubuhi ile ilikuwa safi na tamu, na uchungu wake ulikuwa wa heshima.

Mahusiano hayo hayaishii kwenye pua. Machicha ya mbege hulishwa mifugo. Mgomba uliokatwa mkungu wake hukatwakatwa ukawa chakula cha ng'ombe aliye zizini. Samadi ya ng'ombe huyo hurudi kwenye shina la kahawa, na kahawa hukua chini ya kivuli cha migomba, ikinyweshwa na maji ya mfongo, mfereji ulioteremka kutoka msituni. Hicho ndicho kihamba. Mwaka 2011 shirika la FAO liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, humu humu Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Katika kihamba kahawa haijapata kusimama peke yake, na nyumba ya akina mama hawa ilipata nguvu ilipoanza kufanana nacho.

Mti wa nani, ndizi za nani

Kuna swali ambalo linaonekana dogo mpaka ulifikishe nyumbani kwa watu. Andiko lilisema akina mama watatumia kahawa ya kutoka mashambani mwao. Lakini kwa desturi ya mlima huu, kahawa ni ya baba. Shina ni lake, uanachama wa chama cha msingi mara nyingi uko kwa jina lake, na malipo huja kwake. Mama huchuma, humenya, huosha, huanika, na gunia likifungwa linaondoka kwa jina la mwingine. Ndizi ni upande wa pili wa kihamba. Hizo ni chakula, na kinachozidi mama anaweza kukipeleka sokoni au kukipika bila kuitisha kikao cha ndoa.

Kwa hiyo kikundi kilipohitaji kahawa, kililazimika kuinunua kwa waume wa wanachama. Mama mmoja alinieleza bila uchungu, lakini kwa uwazi: “Nilichuma mwenyewe, nikaanika mwenyewe, halafu nikaenda kukopa VICOBA ili niinunue nyumbani kwangu.” Baadhi ya waume walikataa kuuza kwa kikundi wakiogopa kuvuruga hesabu zao na chama. Wengine walitaka bei ya juu kuliko ya chama kwa sababu waliona bango la mfadhili.

Kilichofungua mlango ni fedha ya mbege. Mama aliyeweza kulipa ada ya muhula mmoja kwa fedha yake alikaa mezani akiwa na neno lenye uzito. Nyumba moja ilianza, nyingine ikafuata: baba akakubali mistari kadhaa ya kahawa iliyo karibu na nyumba iwe ya mama, aihudumie na aiuze apendako. Katika kihamba kimoja nilichotembezwa, mistari hiyo imepandwa miche mipya. Ni ya aina zinazostahimili chule buni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyowachosha wakulima wa hapa kwa miaka mingi. Aina hizo zimetoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, kwenye miteremko ya mlima huu huu. Mwenye mistari alipita akigusa majani yake moja moja kwa ncha za vidole, akihesabu. Alikuwa na miche arobaini na mmoja, na aliijua yote.

Andiko lilikuwa na jedwali la wanufaika, wanawake wangapi na wanaume wangapi. Swali la fedha hii inaingia mfuko gani halikuwa na safu katika jedwali hilo. Ningependa kila anayeandika mradi wa kijijini aliweke mwanzoni, kabla ya malengo, kabla ya bajeti. Zao linaweza kustawi, soko likapatikana, na bado mradi ukafa kwa sababu anayefanya kazi siye anayepokea.

Mlima unaojua miradi

Watu wa hapa hawakuanza kupangiwa jana. Kahawa yenyewe ililetwa na wamisionari wa Roho Mtakatifu waliokuwa Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtawala wa Kiingereza wilayani Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga waipande, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 KNCU ikachukua nafasi yake. Miaka minne baadaye, 1937, wakulima wa baadhi ya maeneo walifanya ghasia na kuyashambulia majengo ya vyama, wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia ushirika huo peke yake. Ushirika ule ule baadaye ukawa fahari ya mlima, kwa kuwa watu waliufanya wao. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na katika miaka ya 1980 ikavirudisha. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa uliokuwa unagawa viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika, bei zikaporomoka, na wakulima wengi wakang'oa miti yao au wakaiacha ijifie.

Nayataja haya kwa sababu mzee wa miaka themanini anayekaa kwenye benchi hili jioni ameyaona baadhi yake kwa macho. Mgeni akija na mpango mpya, mzee husikiliza kwa adabu, hupokea soda ya kikao, kisha hungoja. Wapangaji wengi huuona ukimya huo kuwa uzembe. Mimi nauona kuwa kumbukumbu. Mtu aliyekwisha kuona chama kikivunjwa na kurudishwa, ana haki ya kungoja msimu mmoja au miwili kabla ya kuweka mkono wake.

Mashine chini ya turubai

Kwenye pembe ya stoo kuna mashine ya kukaangia kahawa. Ni nzuri, ya chuma king'aavu, na ilikuwa kitu cha gharama kubwa kuliko vyote kwenye bajeti. Imefunikwa kwa turubai la bluu na juu ya turubai pamewekwa vikapu vya kuchumia. Inahitaji umeme wa njia tatu, na nyumba ina wa njia moja. Aliyeinunua hakuuliza, na waliopokea hawakujua kwamba kuna la kuuliza. Gharama ya kuvuta laini nyingine hadi hapo ilizidi uwezo wa kikundi, na muda wa mradi ulikuwa umekwisha.

Nilitarajia nisikie manung'uniko. Mwenyekiti wa kikundi aliniambia wamekwisha kuamua: wanatafuta kikundi kingine chenye umeme unaofaa, wawakodishie. Wakati huo wao wanakaanga kwa kikaango, kidogo kidogo, kahawa ya wiki moja tu. Kahawa iliyokaangwa huanza kupoteza harufu yake mapema, na kukaanga kidogo kumewafanya wauze kitu kipya daima. Hata hivyo sitaki kuligeuza kosa kuwa baraka. Fedha ile ingenunua vichanja, ndoo na mashine za kumenya za mkono kwa kila mwanachama, na ingeachia chenji. Ilikuwa fedha ya watu walioambiwa kwamba ni yao, na wao wenyewe hawakuulizwa.

Leseni nayo ilikuwa na somo lake. Andiko liliona nyumba moja yenye kahawa na kionjo cha mbege. Ofisini, mkahawa una masharti yake na pombe ya kienyeji ina masharti yake, pamoja na saa zake za kuuzwa. Bwana afya alikuja, akakagua, akarudi, akakagua tena. Mwishowe nyumba iligawanywa kwa saa. Mpaka mchana ni kahawa, chai na maandazi, na watoto wanaweza kuingia kununua. Mbege huanza jioni, na mtoto hapiti mlangoni hata akiwa ametumwa na baba yake. Mabenchi ni yale yale. Huoshwa kila asubuhi, na ndiyo niliyoyakuta yakikauka.

Lazima niseme pia kuhusu ulevi, kwa sababu nyumba inayolishwa na pombe haiwezi kuukwepa. Nchi yetu ilipiga marufuku pombe kali za viroba mwaka 2017, na gongo imekatazwa na sheria, lakini kila kijiji kina familia iliyoumizwa na chupa. Mbege ni kinywaji chepesi, cha kushibisha, kilichozaliwa katika matambiko, posa na misiba, na hupita kwenye kata kutoka mkono hadi mkono. Wepesi huo haumzuii anayetaka kulewa. Akina mama wanalijua hilo kuliko mimi. Wengine wameolewa nalo. Wana sharti moja wanalolisimamia wote: mteja akianza kupandisha sauti, hapewi kata nyingine. Hupewa kahawa, bure, na huketi nje mpaka aimalize. Wameniambia gharama ya kahawa hiyo huandikwa kwenye daftari, upande wa kulia, kwa neno moja: ujirani.

Siku ya kupika

Jioni watu walianza kuja mmoja mmoja, wakitoka kukata majani ya ng'ombe. Mama mpishi alichota mbege, akanywa yeye kwanza mbele ya wote, kama ilivyo desturi, ndipo akampa mzee kuliko wengine kata kwa mikono miwili. Mzee akamwaga tone chini kwa waliotangulia, akanywa, akashukuru, “Aika,” akapitisha. Vijana wawili waliokuja na mgeni wao kutoka Dar es Salaam waliagiza kahawa ili wapate nguvu ya kushuka mjini, wakaketi benchi moja na wazee.

Nilimuuliza mwenyekiti swali lililonileta. Je, mtu akija kesho na andiko jipya, la awamu ya pili, atamwambia nini?

Hakufikiri sana. “Nitamwambia aje siku ya kupika. Wakija siku ya kikao wanatukuta tumevaa, tumekaa, tunaitikia. Siku ya kupika hatuna nafasi ya kumfurahisha. Ataona nani anabeba maji, nani anatoa fedha ya ulezi, nani anaondoka kwenda kumnyonyesha mtoto, na mwanaume gani anapita kutusaidia kupasua kuni. Akikaa hapo mpaka jioni, hata asipouliza kitu, ataandika vizuri.”

Nimehudhuria vikao vingi vya miradi na nimeandika ripoti za vikao hivyo. Siku za kupika nilizoketi mpaka mwisho hazizidi vidole vya mkono mmoja. Naamini makosa mengi ninayoyaona vijijini, kuanzia mashine isiyo na umeme hadi kahawa isiyo na mwenyewe, yangeonekana mapema na mtu aliyekaa siku nzima karibu na pipa akiwa na daftari lililofungwa. Mambo yaliyoiokoa nyumba hii yalikuwepo tangu mwanzo: ndizi zinazoiva kila wiki, pua iliyofundwa na mbege, mfuko wa mama. Hayakuhitaji kubuniwa. Yalihitaji kuonwa na mwenye kalamu kabla hajafika kwenye bajeti.

Giza lilipoanza kuingia, bodaboda wangu akapiga honi barabarani. Mweka hazina alikuwa anaandika ukurasa wa kushoto kwa mwanga wa simu. Yule mama wa kikaango alikuwa amefunga kanga kiunoni, akielekea nyuma ya nyumba, nami nikamfuata kumuaga. Alifunua ndoo ya kahawa, akainama, akanusa. Akachota punje, akazisugua karibu na sikio, kisha akanipa na mimi nizisugue. Zilikwaruza.

“Imefika,” akasema, akaita wenzake walete maji.